Kwenye bajeti umewekwa kifungu kimoja na mafuta ya boti

SWALI

Shikamoo dada. Nimesomea sayansi ya uvuvi, na tangu 2022 ni msaidizi wa utafiti kwenye mradi wa dagaa na migebuka hapa Kigoma, wenye wafadhili wa nje. Nalipwa kwa siku niliyokwenda mwaloni, boti zinakoshusha samaki. Mbalamwezi ikiingia wavuvi hawatoki, na mimi silipwi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024 sikupata hata senti, ingawa ndiyo miezi niliyokaa nyumbani nikiingiza takwimu kwenye kompyuta. Mwaka jana niliteleza kwenye boti nikavunjika kifundo cha mkono, nikajitibu mwenyewe. Sasa nina mtoto wa miezi tisa. Makala mbili zimeshatoka, na mimi nimo kwenye shukrani tu. Ya tatu inaandikwa. Profesa wetu ni mtu mzima ninayemheshimu, ndiye aliyenipa kazi, na kila nikigusia ananijibu, "Tutakukumbuka awamu ya pili." Awamu hiyo inaandaliwa sasa hivi. Nidai, ninyamaze, au niache?

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Pole ya mkono, na hongera ya mtoto.

Katika barua yako yote, kilichonishtua zaidi ni hicho cha mwishoni, kwamba awamu ya pili inaandaliwa sasa. Hapo ndipo pa kushika, na iwe wiki hizi hizi. Nikueleze kwa nini.

Andiko la kuombea fedha za utafiti huwa na bajeti yenye vifungu. Kifungu cha watumishi kina kiongozi wa mradi, mwanafunzi wa uzamivu, pengine na mhasibu. Walio humo hupangiwa mshahara wa mwezi, bima, likizo na mchango wa pensheni. Chini yake kuna gharama za uwandani: mafuta ya boti, barafu, betri za mizani, madaftari, na mwisho kabisa "posho za wasaidizi". Wewe uko hapo. Ukishalijua hilo, mambo yako yote yanaeleweka. Boti isipotoka mafuta hayanunuliwi, na msaidizi naye halipwi. Ziwa lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, gharama za uwandani zilisimama, nawe ukasimama nazo. Mafuta hayaendi likizo ya uzazi. Sidhani kuna mtu aliyekaa chini akapanga kukudhulumu. Mara nyingi mwandishi wa bajeti hunakili ya mradi uliotangulia, na ule nao ulinakiliwa kutoka wa kabla yake.

Fedha zikishatoka na mkataba na mfadhili ukishasainiwa, Profesa akikwambia "hakuna kifungu" atakuwa anasema kweli. Kuhamisha hela kutoka gharama za uwandani kwenda mishahara kwa kawaida kunataka kibali cha mfadhili, na viongozi wengi wa miradi hawapendi kuomba kibali cha namna hiyo. Kabla ya saini, ni suala la kuongeza mstari mmoja kwenye jedwali. Kwa hiyo usiombe kuongezewa posho. Posho ikipanda kwa elfu tano, mbalamwezi bado itakukuta huna kitu. Omba kuhamishiwa kifungu cha watumishi, kwa mshahara wa mwezi, miezi yote 12.

Watakuuliza: siku ambazo wavuvi wamelala, tukulipe kwa kazi gani? Jibu unalo. Nani aliingiza zile takwimu za mwaka mzima? Nani anakagua mizani kama inasema kweli, ananyoosha fomu zilizolowa, anawapigia simu viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo, kujua boti ngapi zitatoka, analigeuza swali la dodoso lililotungwa Ulaya kuwa Kiha ambacho mvuvi hatakicheka? Nani anawafundisha wasaidizi wapya kumtenganisha dagaa mchanga wa aina moja na wa aina nyingine? Kazi hizo unazifanya sasa bure. Ziandike kwenye karatasi moja, kila moja na saa zake kwa mwezi, kabla hujazungumza na mtu yeyote. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko malalamiko ya mwaka mzima, kwa sababu anayepanga bajeti anaweza kuinakili moja kwa moja. Na kama nilivyokwambia, kunakili wanakupenda.

Sasa sheria. Kuna uwongo uliozoeleka kwenye utafiti wetu kwamba msaidizi wa uwandani ni kibarua tu, hana haki mpaka asaini mkataba. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi upande wa pili uthibitishe vinginevyo, endapo lipo hata jambo moja kati ya kadhaa zilizotajwa. Baadhi yake ni haya: unaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zako zinapangwa na mwingine, unapewa vifaa vya kazi na yeye, unamtegemea kiuchumi, au umemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kazi yenyewe naijua. Unafika mwalo wa Kibirizi saa 10 alfajiri, boti zinaingia kukiwa bado giza, wachuuzi wamezizonga, una dakika chache za kuchota sampuli kabla dagaa hawajamwagwa kwenye ndoo za watu. Kisha unawapanga mmoja mmoja juu ya ubao wa kupimia huku vidole vimekufa ganzi, na hutoki hapo kabla ya saa 4 asubuhi. Hizo ni saa sita. Siku nane tu za namna hiyo kwa mwezi zinakuvusha saa 45, na bado sijahesabu kompyuta ya nyumbani.

Ukishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inakuhusu: maelezo ya kazi kwa maandishi, likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Saa za usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya mtoto. Hiyo ya mwisho itaje mapema, maana ratiba ya alfajiri imepangwa na watu ambao hawajawahi kuacha mtoto wa miezi tisa nyumbani saa 9 za usiku. Hakuna sababu ya kisayansi ya wewe kwenda mwaloni kila alfajiri ya msimu wa giza. Mkiwa wasaidizi wawili mnaweza kupokezana, na takwimu zikabaki zile zile.

Aina ya mkataba: omba wa muda maalumu, unaolingana na muda wa mradi. Sheria inauruhusu kwa wataalamu, na mwenye shahada ya uvuvi anayefanya utafiti wa uvuvi ni mtaalamu. Usikubali wa miezi mitatu mitatu unaohuishwa kwa simu.

Jambo moja wasomi wengi hawaliulizi ni hili: mwajiri wako ni nani hasa? "Mradi" si mtu mbele ya sheria. Anaweza kuwa chuo cha nje, taasisi ya hapa nchini inayopokea fedha, au Profesa mwenyewe. Ukiona malipo yanaingia kwenye simu yako kutoka namba binafsi ya mtu, jua kwamba siku ya matatizo kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole. Kwenye awamu ya pili jina la taasisi inayokuajiri liandikwe. Kwa hii inayoisha, tunza ujumbe wa malipo, picha za ratiba, fomu zenye saini yako, na mazungumzo ya kundi la WhatsApp mnakopangiwa zamu. Visitunzwe kwa ajili ya vita. Vinahitajika hata na ofisa wa NSSF, mfuko wa pensheni, atakapokuuliza ulikuwa unafanya kazi wapi.

NSSF kwa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu ya mwajiri na nusu yako. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni wa mwajiri peke yake. Wewe hukatwi kitu. Huo ndio ulipaswa kuubeba mkono wako. Ajali iliyotokea kwenye boti ya kazi, ukiwa kazini, ni ajali ya kazi hata kama unalipwa kwa siku. Kama risiti za hospitali na picha ya eksirei bado unazo, mwandikie Profesa leo umwombe mwajiri aitolee taarifa WCF. Usikawie, madai haya yana muda wake. Hata yakikwama, barua hiyo itafanya bima na majaketi okozi viingie kwenye bajeti mpya, kwa kuwa hakuna kiongozi wa mradi anayetaka barua ya pili ya aina hiyo kwenye faili lake.

Nije kwenye makala, ambako najua ndiko panapouma zaidi.

Kuna kanuni za Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba ambazo majarida mengi, hata yasiyo ya tiba, yanazifuata au kuziiga. Mwandishi ni yule aliyetimiza mambo manne: amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, au kupata, kuchambua au kufasiri takwimu; ameandika rasimu au kuipitia kwa uhakiki; ameidhinisha toleo la mwisho; na amekubali kuwajibika nalo. Wakubwa wengi husoma hapo wakasema, "Msaidizi alikusanya tu, hakuandika, basi si mwandishi." Wanaruka kilichoandikwa chini yake: yeyote aliyetimiza jambo la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika hayo mengine. Kwa hiyo mtu hawezi kukunyima rasimu halafu akakuengua kwa sababu hukuisoma.

Lakini nami nisikudanganye. Kujaza fomu kama ulivyoelekezwa, peke yake, mara nyingi ni kazi ya kushukuriwa na si ya uandishi, hata kama imefanywa alfajiri na kwenye baridi. Jiulize ulifanya nini zaidi ya maelekezo. Uligundua kwamba boti fulani zinashusha mwalo mwingine kukwepa ushuru, na hivyo hesabu ya Kibirizi peke yake inapunja? Ulipendekeza fomu ibadilishwe? Ulikataa takwimu za wiki fulani kwa sababu mizani ilikuwa imeharibika? Tafuta ujumbe uliotuma siku hiyo. Kisha fungua makala zilizotoka, usome sehemu ya mbinu. Kama pendekezo lako limo mle limeandikwa "tuliamua", huo ni mchango wa kiakili, na unaweza kuuonyesha kwa tarehe.

Kwa makala mbili zilizokwisha kutoka, ushauri wangu hautakufurahisha: ziache. Kuongeza mwandishi baada ya kuchapishwa kunawezekana, ila jarida kwa kawaida hutaka waandishi wote wakubali, na wakibishana hulirudisha suala kwenye taasisi yao. Utatumia nguvu zote huko na ya tatu itapita. Hiyo ya tatu ndiyo ya kushikilia. Omba rasimu sasa, usome, uandike maoni yako ya maana pembeni, uyatume kwa barua pepe. Majarida mengi siku hizi hutumia orodha ya CRediT yenye majukumu 14, ambapo kila mwandishi anatajwa alifanya nini: kubuni, kukusanya, kutunza takwimu, kuchambua na kadhalika. Pendekeza itumike. Orodha hiyo inafanya iwe vigumu kidogo kwa mtu ambaye hakugusa ubao wa kupimia kuandikwa kwamba alipima. Na takwimu zenyewe zikiwekwa kwenye hazina ya mtandaoni, uwe miongoni mwa waandaaji wanaotajwa. Jisajili ORCID leo, ni bure, upate namba yako ya mtafiti.

Kigoma ina kumbukumbu yake katika hili. Tarehe 7 Januari 1974 kule Gombe, sokwe dume aliyeitwa Godi alishambuliwa na madume wa kundi la Kasakela, tukio linalohesabiwa kuwa mwanzo wa vile vita vya sokwe vya miaka minne vilivyobadili fikra za wanasayansi wa dunia. Aliyeliona kwa macho yake ni Hilali Matama, mfanyakazi wa uwandani wa hapa hapa. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa wakateka wanafunzi wanne, wageni wakaondolewa, na wafanyakazi wa Kitanzania ndio walioendelea kuwafuata sokwe porini na kujaza daftari siku kwa siku. Leo tunamtaja Matama kwa sababu jina lake liliandikwa pamoja na alichokiona. Wapo wengi wa mwambao huu waliojaza daftari za watafiti na hatuna tunachoweza kusema juu yao.

Sasa Profesa. Umesema unamheshimu, na sioni sababu ya kuacha. Yeye naye yuko kwenye mashine: kupanda cheo chuoni kunategemea makala, mfadhili anamhesabia matokeo, na huenda hata bajeti haiandiki yeye bali mwenzake wa nje. Usimvamie mbele ya watu, usimtumie sauti ya dakika tano usiku. Mwandikie hivi:

"Shikamoo Profesa. Nashukuru kwa nafasi uliyonipa tangu 2022. Kwa kuwa andiko la awamu ya pili linaandaliwa, naomba tukutane wiki hii tuzungumzie mambo matatu: nafasi yangu kwenye bajeti, bima na usalama wa boti, na ushiriki wangu katika makala ya tatu. Nimeambatisha orodha ya kazi ninazofanya pamoja na saa zake."

Mwaka 2024 usiutaje humo, wala neno "haki". Baada ya kikao, andika tena muhtasari wa mlichokubaliana na umtumie: "Nashukuru kwa muda wako. Nilivyoelewa ni kwamba..." Ahadi ya mdomo ikishakuwa barua pepe, mwenye kuahidi huikumbuka vizuri zaidi.

Wiki ikipita kimya, mwombe ruhusa ya kuipeleka orodha hiyo hiyo kwa kiongozi wa upande wa nje. Omba ruhusa kweli, kwa maandishi. Akikataa utakuwa umejua ulipo. Akikubali, taja kwa upole kwamba ipo Kanuni ya Kimataifa ya Maadili ya Utafiti katika Mazingira Yenye Rasilimali Haba ya mwaka 2018, na Tamko la Cape Town la 2022 kuhusu usawa katika utafiti. Zote mbili zinagusa hili la watafiti wa nchi mwenyeji kuthaminiwa na kutambuliwa. Vyuo vya nje vinazijua, na andiko linaloonyesha msaidizi wa Kigoma ana mkataba na bima husomeka vizuri mbele ya mfadhili. Huna haja ya kuwatisha. Unawapa aya nzuri ya kuandika.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ipo, na kufungua shauri hakulipiwi. Ila ina muda: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine tangu yalipotokea. Malipo ya ziwa kufungwa yameshapitwa, labda tume ikubali sababu za kuchelewa. Nisingeanzia huko. Lakini ikitokea ukatolewa kwenye zamu kwa sababu tu umeuliza, anza kuhesabu siku 30 asubuhi hiyo hiyo.

Kuna jambo watu hufanya kwa hasira nalo naomba usilifanye: kushikilia takwimu. Zile fomu zina majina na namba za simu za wavuvi waliokuamini, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kabidhi kila kitu, chukua saini ya aliyepokea, ubaki na nakala ya hati ya makabidhiano.

Uache? Bado. Jiwekee tarehe, na iwe siku ambayo andiko linatumwa kwa mfadhili. Mpaka siku hiyo uwe umeona kwa macho yako ukurasa wa bajeti wenye cheo chako kwenye kifungu cha watumishi. Kusikia kwamba "umo" hakutoshi. Usipoonyeshwa, maliza msimu uliouanza kisha uondoke, kwa sababu awamu ya pili itakuwa miaka mingine ya kulipwa kwa kufuata mwezi, na safari hii una mtoto. Kama ndoto yako ni kufundisha chuo kikuu, angalia kwanza cheti chako. Ukiwa chini ya wastani wa alama unaotakiwa na vyuo, mlango wa msaidizi wa mhadhiri umefungwa, hata Profesa akupende vipi, kwa hiyo asikuweke mwaloni kwa ahadi hiyo. Taasisi za utafiti, idara za uvuvi za halmashauri na mashirika yanayofanya kazi mwambao wa ziwa hili wana haja na mtu anayejua kupima, kutunza takwimu na kuzungumza na wavuvi bila mkalimani. Siku ya kuondoka mwombe mwajiri hati ya utumishi, ambayo sheria inamtaka aitoe. Usikubali iandikwe "alisaidia kazi za uwandani". Mpelekee ile orodha yako ya kazi, aiweke humo kama ilivyo.